Kiambishi

Nililipwa kwa saa, nauli juu yangu,
kuketi katikati, Govan, chumba namba nne,
baina ya Bwana Galbraith na jagi lake la maji
na Mwanamize binti Kombo, wa Chumbageni, Tanga,
aliyevaa koti la kuazima, vidole vimemezwa na mikono yake.

Sheria ya mkalimani ni fupi:
usiongeze, usipunguze, usilie.
(Hiyo ya tatu haijaandikwa.)

"Mpenzi wako alikuwa nani?"
"Alikuwa fundi cherehani. Akipiga chafya, hucheka.
Aliniletea visheti ndani ya bahasha ya kaki,
mafuta yakaivujia, ikawa kama ramani."

A, a, a.
Herufi moja mbele ya kitendo,
hereni isiyouliza hili ni sikio la nani.
Kwetu mtu hula, hulala, hupenda, hufa
bila kuvuliwa nguo na sarufi.
Lakini Kiingereza kilikuwa kinanisubiri
kama bawabu wa hamamu:
wanaume huku, wanawake kule,
na mimi nimebeba mtu mzima ulimini,
nimsukumie wapi?

Nikasema: mpenzi. Nikasema: mtu huyo. Nikasema: fundi.
Nilichechemea kama mwenye kiatu kimoja.
Bwana Galbraith akanikatiza, bila ubaya,
mvua inapiga dirisha:
"Mkalimani. Mwanamume au mwanamke?"

Kielelezo cha saba: risiti ya duka la vitambaa,
mita tatu za poplini, vifungo dazeni,
na nyuma yake, kwa wino wa bluu uliokunywa jasho:

    Nakuandika usiku, mshumaa umekwisha,
    Sikuombi mwaka, siku, saa moja yanitosha,
    Wasije wakatushuku, mlango nitarudisha,
    Niondoe dukuduku, jogoo hajaamsha.

Ubeti mmoja. Niliusoma mara mbili, ya tatu kwa sauti,
nikitafuta, Mungu anisamehe, neno la kumwokoa.
Halimo.
Aliyeandika alijua kujificha, au hakujificha,
aliandika tu, kwa lugha aliyonyonya.
Kilichowasitiri kule miaka minne
ndicho hapa kilichokuwa kinawakana.

"Muulize," akasema. Nikamuuliza.
Mwanamize akanitazama mimi, si yeye,
akaupima mtandio wangu, jina langu kwenye kitambulisho,
mtoto wa nani huyu, mtaa gani,
atakwenda kumwambia nani.
Halafu akasema,
"Shukuru ni mwanamke. Kama mimi. Kama wewe, dada."

Nikatafsiri.
Lile "kama wewe" nalo nililitafsiri. Sheria ni sheria.
Sauti ilinitoka nyembamba.

Tusijisifu sana. Kiswahili nacho kina bawabu wake:
huyu huoa, yule huolewa.
Alipoulizwa kama wangefunga ndoa
alikitafuta kitenzi kwa muda, vidole vimetoka kwenye koti,
akarudi na kile cha wawili:
"Tungeoana."

Wakalimani hatuambiwi hukumu.
Unasaini, unarudisha beji, unapanda treni.
Mwaka wangu wa kwanza niliwaandikia wakala
wasinipe kesi "za namna hiyo."
Barua ile bado ipo kwenye faili lao.
Niliandika nyingine juu yake, basi.

Februari hii, duka la Mpakistani, mtaa wa Allison,
nilimsikia kabla ya kumwona,
nyuma ya friji, simu begani, muhogo wa barafu mkononi:
"Amefika? Amekula?
Basi mpe lile blanketi zito, hajazoea baridi."

Watu sita dukani, na ni mimi tu niliyeelewa,
na hata mimi sikujua ni nani.
Huenda ni mtoto. Huenda ni mjomba, mgeni wa siku mbili.
Herufi ile ile, mlango umerudishwa.

Hakuna aliyenilipa kuuliza.
Nikachukua bamia zangu, nikasimama kwenye foleni.